Dobi Aliyesimama Nyuma ya Uwanja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa taasisi yetu na wajumbe wa bodi. Mzee wetu uliyekaa pale mbele, baba mzazi wa mstaafu, shikamoo sana. Wakuu wa idara, mafundi, makatibu, madereva na walinzi wetu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yetu tunayekuaga leo, ambaye najua hata sasa hunisikilizi bali unanipima:

Kabla sijafika mbali, idara imeniagiza nitoe tangazo rasmi. Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu ya ngazi zote, napenda kuutangazia umma uliokusanyika hapa kwamba mlango wa chumba cha vipimo, ule uliokuwa ukilia kama mbuzi aliyefungiwa nje, umetiwa grisi leo asubuhi. Hali ya mlango inaendelea vizuri. Fundi aliyeifanya kazi hiyo naye anaendelea vizuri, ingawa aliifanya akitazama nyuma kila mara, kwa sababu kwa miaka yote hii hakuna aliyethubutu kuugusa. Mstaafu wetu alikataza. Alisema mlango ule unampa habari: unavyolia ndivyo anavyojua ni nani anaingia, ana haraka ya kiasi gani, na kama amekuja kuomba ruhusa ya kuondoka mapema. Mimi nilikuwa naingia kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Nikifika katikati ya chumba, yeye amenipa mgongo, nasikia tu: "Hapana, leo huondoki mapema."

Kwa wageni msiotufahamu, sisi hapa kazi yetu ni sauti. Kiwanda kikiwanyima majirani usingizi, tunaitwa sisi. Ukumbi ukijengwa kwa mbwembwe, kisha walioko nyuma wakawa wanaona midomo ya wasemaji ikicheza tu, tunaitwa sisi, kwa kawaida baada ya rangi kukauka na mkandarasi kutoweka. Tuna chumba kimoja ambacho kuta, dari na hata sakafu yake vimejaa sponji zilizochongoka. Ukifungiwa mle unaisikia damu yako mwenyewe ikipita masikioni. Mgeni mmoja nilimwingiza, akatoka baada ya muda mfupi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama bado yuko hai. Dada yetu yeye hula chakula cha mchana mle ndani, peke yake, ametulia, kama wengine wanavyokaa bustanini. Ndipo tukamwita Mama Kimya, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mimi ni mkuu wa kitengo cha mitetemo, cheo kikubwa chenye mtu mmoja chini yake, na mtu huyo ni mimi. Mungu alinipa sauti kubwa, akaahirisha suala la cha kusema. Meza yangu imetazamana na yake muda wote huu, na ninyi mnaojua ndoa mtanielewa nikisema kwamba kumtazama mtu kila siku ndiyo njia ya haraka ya kuacha kumshangaa. Kwangu haikuwa hivyo. Naomba niseme bila utani, na mnikumbuke kwa hili maana halitatokea tena: mtu huyu ananishangaza.

Kwa sababu, jamani, ni nani aliyemwambia mwanasayansi aandike riwaya? Na si riwaya za mapenzi, ambazo tungezisoma kwa kujificha tukafurahi. Riwaya za kihistoria! Za viongozi! Za watu ambao picha zao zimetundikwa ofisini na hakuna anayejua walikohoa vipi. Mama Kimya alitaka kujua walikohoa vipi.

Riwaya yake ya kwanza ilimhusu waziri mkuu aliyefungiwa nyumbani kwake, akawa anawatambua walinzi wake kwa nyayo tu. Mwandishi mwingine angekaa akawaza. Huyu alijifunga kitambaa machoni, akakaa kwenye kiti mwisho wa korido yetu, akatuamuru tupite mbele yake mmoja mmoja. Wote. Hata Mkurugenzi wa wakati ule alipita, kwa mwendo wa kiutawala. Alipopita mhasibu, Mama Kimya akasema, "Huyu ni mhasibu, na soli ya kiatu cha kushoto imeachia." Mhasibu akacheka, akasema, "Hapo umenoa, dada." Kisha akageuza kiatu mbele yetu. Hakucheka tena mpaka jioni.

Lakini someni sura ile ilivyotoka. Waziri mkuu amelala, anasikia nyayo, na kabla mlango haujafunguliwa anajua kwamba anaachiwa huru, kwa sababu kwa mara ya kwanza mlinzi anatembea kama mtu anayekwenda kwake. Niliisoma nikiwa kwa kinyozi. Kinyozi aliniuliza jambo nikaitikia bila kusikia, na ndivyo nilivyopoteza masharubu niliyoyalea tangu ujana. Sijayadai. Je, ni waandishi wangapi wanaoweza kumchukua mtu kutoka kwenye kiti cha kinyozi, wakamweka kwenye chumba cha mfungwa, na kumrudisha akiwa hana masharubu?

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nije kwenye kitabu cha tatu, hiki kilichoko mezani hapo mbele, ambacho wengi mmekisoma na wengine mmekibeba ili mwonekane mmekisoma. Ni riwaya ya kiongozi wetu wa kwanza na ile hotuba yake ya uwanjani. Kimesemwa mengi. Yamesemwa mengine hata kwenye foleni ya chai leo, nyuma ya mgongo wangu, na mgongo wangu unasikia. Kwamba kitabu hiki kilimtenga binti na baba yake. Kwamba Mzee alizichana kurasa. Kwamba walikaa msimu mzima bila kusalimiana. Jana nilikwenda kwa Mzee kuomba ruhusa ya kusema ukweli mbele yenu. Akaniambia, "Sema. Lakini nikikuona unatia chumvi, nazima kifaa changu cha masikio." Kwa hiyo mtazameni mkono wake, ndio utakaowaambia.

Mzee wetu alikuwa dobi. Alifua na kunyoosha mashati ya watu wa mji huu kwa pasi ya mkaa, na kwa mashati hayo akalea familia. Siku ya hotuba ile alikuwa kijana, na binti yake alikuwa mdogo wa kuanza shule. Alifunga kibanda chake, akaenda uwanjani pamoja na mji mzima. Akarudi na sentensi moja. Kila aliyekulia mtaa ule anaijua sentensi hiyo, maana Mzee aliisema kwenye harusi, kwenye misiba, na kwa kila mteja aliyechelewa kuchukua shati. Alisema Rais aliinua mkono, akatamka: "Mtoto anayeuliza sana msimnyamazishe. Mtafutieni mwalimu."

Na kwa sentensi hiyo binti yake alisomeshwa. Aliulizwa kwa nini anampeleka msichana shule ya mbali, akajibu, Rais amesema. Aliulizwa kwa nini anauza baiskeli ili binti aende chuo, akajibu, mimi nani nimpinge Rais? Sisi wenyewe tuliposikia habari hiyo tulimwonea wivu Mama Kimya. Wengine tulisomeshwa kwa fimbo. Yeye alisomeshwa kwa kauli ya Ikulu.

Kulikuwa na tatizo dogo. Hotuba ile ilipigwa chapa, na kwenye chapa sentensi hiyo haimo. Kuna barabara, kuna madaraja, kuna maneno marefu kuhusu kulipa kodi. Mzee aliulizwa, akasema, "Wachapaji waliikata." Kulikuwa na mkanda wa redio pia, lakini ulikatikia katikati ya madaraja. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumbishia, wala wa kumuunga mkono.

Mama Kimya alikusudia kumuunga mkono. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana ndipo uvumi ulipopotoka. Hakwenda uwanjani kumuumbua baba yake. Alikwenda kumtetea. Sura alikuwa ameshaanza kuiandika: Rais ameinua mkono, uwanja umenyamaza, na sentensi ya Mzee inatoka. Alichotaka ni kuonyesha kwamba mtu aliyesimama pale aliposimama baba yake angeweza kuisikia. Basi.

Kwa hiyo siku moja ya mapumziko, asubuhi, taasisi nzima ilihamia uwanjani. Fundi redio mmoja alituazima vipaza sauti vya zamani, vile vyenye midomo ya tarumbeta, tukavifunga kwenye nguzo zile zile kama zinavyoonekana kwenye picha za siku ile. Tulihitaji umati. Mwalimu mkuu wa shule jirani akatuletea wanafunzi, wakaambiwa wajaze uwanja na wapige kelele, kazi waliyoifanya bila semina wala posho. Na tulihitaji Rais. Wenzangu wakatazamana. Wakanitazama. Ndugu zangu, nimetawala nchi hii kwa asubuhi moja, na nawaambia jukwaa lile lina jua kali.

Nikasoma hotuba, pamoja na sentensi ya Mzee ndani yake. Wenzangu walikuwa wametawanywa uwanjani, kila mmoja na karatasi, aandike anachosikia. Mhasibu alikuwa mbele, akaandika kila neno. Katibu wa Mkurugenzi alikuwa katikati, akapata nusu. Dereva wetu aliwekwa nyuma kabisa, kando ya tangi la maji, pale Mzee anaposema alisimama. Tulipomaliza, Mama Kimya akamuuliza, "Umesikia nini?"

Dereva akasema, "Nimesikia bu-bu-bu, halafu watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga."

"Ukapiga kwa nini?"

"Sasa dada, wote wanapiga, mimi nibaki nimekunja mikono kama mpinzani?"

Tulicheka sana. Mama Kimya hakucheka. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye tangi, akasimama, akanipungia mkono nianze tena. Nikasoma. Akanipungia, nikasoma tena, polepole, kwa sauti niliyokuwa nayo yote. Nilimwona kwa mbali, kichwa amekiinamisha, kiganja nyuma ya sikio. Mtu aliyezoea kusikia soli ya kiatu ikiachia, amesimama pale anatafuta sentensi moja. Upepo ulikuwa unaitupa upande wa barabara. Aliporudi jukwaani alisema maneno mawili tu: "Baba hakusikia."

Nikamwambia, na naamini wengi wenu mngemwambia hivyo hivyo, "Dada, tatizo liko wapi? Hii ni riwaya! Mtie Rais maneno mdomoni. Amekufa, hatalalamika. Mzee ameshawaambia watu wa mtaa mzima kwamba ana ukurasa wake kitabuni, ameshanyoosha suti ya uzinduzi. Unataka kumfanya nini mzee wa watu?"

Akaniambia, "Nikiandika riwaya natunga yale nisiyoyajua. Hili nalijua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi kulitunga."

Mnaona? Mimi ningetunga na kulala usingizi. Yeye aliifuta ile sura, akaandika nyingine. Katika hiyo mpya Rais anazungumza barabara na madaraja kama ilivyochapwa, na nyuma kabisa kando ya tangi amesimama dobi kijana, amevaa shati alilonyoosha mwenyewe, anapiga makofi na hasikii kitu. Aliandika kwa upendo ambao sijui niupime kwa kifaa gani. Lakini alijua anachokifanya. Kama baba hakusikia, basi sentensi iliyomsomesha ilitoka wapi? Aliona mambo mawili tu: ama baba alidanganywa na mtu uwanjani, au baba alidanganya. Na hakutaka lolote kati ya hayo. Mchapishaji alikuwa anapiga simu kila kukicha. Yeye alikuwa na sura mkononi, na hakuwa tayari kuitoa kabla baba hajaisikia. Akaniomba nimsindikize. Alisema anahitaji dereva. Dereva tunaye, mmeshamsikia. Alihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha tatu.

Sasa hili ndilo lililotokea, na nimelishuhudia kwa macho yangu na kwa masikio yangu haya yasiyo na sifa.

Tulifika mchana. Mzee alikuwa sebuleni, ile pasi yake ya mkaa iko juu ya kabati, imesuguliwa inang'aa. Tukamwamkia, akaitikia, akaniuliza lini nitaota masharubu. Kisha akarekebisha kifaa chake cha masikio, akakunja mikono, akasema, "Haya mama, nisomee ukurasa wangu."

Mama Kimya akasoma. Sauti yake ilikuwa sawasawa mpaka alipofika kwenye tangi la maji, hapo ikaanza kukwama. Mzee hakumkatiza. Dobi wa kitabuni akapiga makofi, hakusikia neno, watu wakaanza kutoka uwanjani. Hapo sura ilikuwa imeishia. Chumba kikanyamaza kuliko kile chumba chetu cha sponji. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, natamani nipate msiba wa ghafla unaoniita mahali.

Mzee akasema, "Umejuaje?"

"Nilikwenda uwanjani, baba. Nilisimama pale. Nilipima."

"Kando ya tangi?"

"Kando ya tangi."

"Nilijua kuna siku utafika pale," Mzee akasema. "Ni kweli. Sikusikia hata moja. Mbele yangu kulikuwa na bwana mmoja mrefu, hata kumwona Rais sikumwona. Niliona mkono."

Mama Kimya akauliza, na aliuliza kama mtoto, sijawahi kumsikia hivyo, "Sasa yale maneno ni ya nani?"

Mzee akaitazama pasi yake juu ya kabati. Akasema, "Baba yako mkubwa alikuwa ameshakata shauri. Ujue kusoma jina lako, basi, utoke uje kibandani usaidie kufua. Na neno la kaka mkubwa nyumbani kwetu lilikuwa halirudi nyuma. Nilikuwa nimembembeleza, nimeshindwa. Siku ile natoka uwanjani, njia nzima nilikuwa najiuliza, kaka ataniuliza Rais kasema nini, nami nitamjibu nini? Nikaona, hee. Mimi atanibishia. Rais atambishia?"

Ndugu zangu, nilikohoa ili nisicheke, na sikujua kama pale panafaa kucheka. Mzee akaendelea, "Nilifika, akaniuliza. Nikamwambia. Akasema, 'Kama Mkubwa kasema hivyo, basi.' Mpaka anafariki alikuwa anawaambia watu kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza mtaani aliyetii agizo la Rais. Nami nikaona nimwachie sifa yake."

"Baba," Mama Kimya akasema, "miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza kwa nini moshi unapanda. Uliniuliza kwa nini pasi ikidondoka inalia tofauti ikiwa na mkaa na ikiwa tupu. Uliniuliza mpaka wateja wakahama. Hili hukuniuliza. Ungeniuliza ningekuambia."

Hakuna aliyezichana kurasa. Hakuna aliyemnunia mwenzake. Mama Kimya alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa, akaivua tena. Nimekaa na watu wenye shahada mpaka zimekosa ukuta wa kutundikwa, nimesikiliza viongozi wakiwahutubia watu waliofunga barabara, lakini sijawahi kukaa chumba kimoja na kitu kikubwa kama kile: mtu ambaye maisha yake yote alidhani ameinuliwa na sauti ya mkuu wa nchi, anagundua kwamba ile sauti ilikuwa ya huyu huyu anayenyoosha mashati.

Mzee akamwambia, "Haya, endelea. Yule dobi katoka uwanjani. Halafu?"

"Sijaandika zaidi ya hapo, baba. Nilikuwa sijui alikwenda wapi."

Mzee akasogeza kiti chake karibu na cha binti yake. Akasema, "Basi shika kalamu. Nitakuambia njia aliyopita."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi, Mzee wetu, dada yetu, na ninyi nyote mliokaa mbele, katikati na kule nyuma kabisa: nashukuru sana kwa kunivumilia na kunisikiliza.